Kuku moja, watu wanane: laab ya watu wa Isan

Kila mwanamuke wa kambi anajua hesabu hii. Ni juma ya mwisho ya mwezi, mushahara haujatoka, na mu nyumba kuko watu wanane: baba, mama, watoto wane, mama-mukwe, na mutoto wa ndugu aliyekuja kusoma. Kuku ni moja. Dawa tunayoijua ni mayi. Unakata kuku vipande, unatia tomate na kitunguu, unaongeza mayi mpaka supu inakuwa mingi kuliko nyama. Baba anapata paja, bibi anapata kifua sababu hana tena meno ya kushindana na mifupa, watoto wanagombania mabawa, mama anabakia na shingo. Hakuna mutu anasema kitu. Lakini kila mutu ameangalia sahani ya mwenzake.

Yaya wangu ndiye alinionyesha hesabu ingine. Yeye ni mufanya-biashara ya nguo. Kwa miaka mingi alikuwa anaenda Bangkok, muji mukubwa wa Thailand, kununua mali mu soko ya Pratunam. Pale utakuta Waafrika wengi, na Wakongo pia, kila mutu na kalkuleta yake mukononi wanapigana na bei. Siku moja njaa ilimukamata pale sokoni, akaona mama moja anapika kwa kigari ya kusukuma, pembeni ya barabara. Wateja wake walikuwa wafanyakazi wa kujenga majumba, wavulana wa kubeba mizigo, na madereva ya taksi. Yaya anasema: pale watu wa kazi nguvu wanajipanga mustari, usiulize, kula.

Alipewa sahani ndogo ya kuku iliyokatwakatwa sana, na majani mabichi, na kifurushi ya wali unaonata. Alitia kidogo mu kinywa. "Mudogo wangu," aliniambia, "kwanza nilisikia ndimu. Kisha chumvi. Kisha harufu kama ya mahindi ya kuchoma. Nikasema, ah, ni chakula muzuri. Ndipo pilipili ikafika."

Chakula hiyo inaitwa laab. Ikipikwa na kuku wanasema laab kai. Na kitu kimoja kilimushangaza yaya kuliko pilipili: kuku haikugawanywa kwa vipande. Ilikatwakatwa yote pamoja, na maini, na ngozi, mpaka hakuna mutu anayeweza kujua paja iko wapi na kifua iko wapi. "Sasa utagombania nini?" aliniuliza.

Watu waliotoka kwao

Yule mama wa kigari hakuwa mutu wa Bangkok. Alitoka Isan. Isan ni upande wa kaskazini-mashariki ya Thailand, mikoa 20, na muto Mekong ndio unaiachanisha na inchi ya Laos. Watu wake wengi wanasema Kilao nyumbani, na laab ni chakula ya ngambo zote mbili za ule muto. Kule Laos wanaihesabu kuwa chakula ya taifa. Udongo wa Isan ni wa muchanga-muchanga, mvua inakuja vile inavyotaka. Mwaka muzuri unapata muchele, mwaka mubaya unapata vumbi. Basi watu wanaondoka. Reli kutoka Bangkok ilifika Khorat, mulango wa Isan, mu mwaka 1900, na tangu pale vijana hawakuacha kushuka kwenda kutafuta kazi: kubeba mizigo, kujenga, kufanya kazi ya nyumba, kuendesha taksi. Leo utawakuta mpaka Taiwan, Korea na inchi za Waarabu.

Sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa sana. Treni ilifika Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mu 1910, na mbele na nyuma yake wakaja wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka upande wa Zambia ya leo. Kila mutu alikuja na kinywa yake. Kambi ikawapa poso ya bunga, na bukari ikawa ya wote.

Watu wa Isan wao hawakupewa poso. Walibeba chakula yao wenyewe, na kwa miaka mingi watu wa Bangkok waliwacheka: eti ni chakula ya washamba, eti inanuka samaki ya kuoza, eti wanakula kwa mikono. Wale wanawake wakaendelea kusukuma vigari vyao karibu na pahali pa kujenga na karibu na gare. Leo laab, kuku ya kuchoma na som tam, ile saladi ya papai mbichi inayotwangwa mu kinu, ziko pa kila kona ya Bangkok, na mu hoteli za bei kali pia. Nilipoambiwa hivi nilicheka sana. Mu muji wetu mimi najua watu wanaofunga madirisha wakati wanapika kapenta, juu mugeni asisikie harufu.

Jina lenyewe la laab, kule kaskazini maana yake ni kukatakata nyama ndogo-ndogo. Lakini mu luga ya Thai kuko neno ingine linalosikika sawasawa, na maana yake ni bahati, ao faida. Ndiyo sababu hawakosi kuipika siku ya ndoa, siku ya mwaka mupya, siku mutoto anaingia mu nyumba mupya.

Mukono wa kuume

Hapa ndipo mama-mukwe wangu alikubali kusikiliza. Alikuwa amekataa: "Chakula ya Wachina mimi sikule." (Kwake, mutu yeyote wa Asia ni Muchina. Nimeshachoka kumueleza.) Yaya akamwambia: "Mama, wale watu wanakula kwa mukono, kama sisi."

Na ni kweli. Wali wa Isan si ule tunaouza hapa. Unaitwa khao niao, wali wa kunata. Wanauloweka usiku muzima, kisha asubuhi wanaupika kwa mvuke, mu kikapu ya mianzi iliyowekwa juu ya nyungu ya mayi inayochemuka. Hauguswi na mayi yenyewe. Ukiiva wanautia mu kikapu kidogo chenye kifuniko, kratip, na ile kratip ndiyo gamelle ya Isan: mukulima anaibeba shambani, mufanyakazi anaibeba ku kazi. Wakati wa kula unakata kipande kwa mukono wa kuume, unakifinyanga kidogo na vidole, unachota nyama, unatia kinywani. Sahani ya laab iko katikati, kila mutu anachota pale.

Mama-mukwe alinyamaza. Kisha akauliza: "Basi kwa nini tusile na bukari?"

Sikupata jibu. Wali wetu wa kawaida unaanguka-anguka, haufinyangiki, na supu ya laab inapotelea ndani. Bukari inakamata. Haina chumvi, haina mafuta, inapokea ukali wote bila kulalamika, sawasawa na khao niao. Mutu wa Isan angeshangaa, lakini mukono wake ungejua la kufanya.

Muchele wa kuungua

Sasa tuingie mu jikoni, na tuanze na kitu ambacho wengi wanaruka. Kuku ya kukatakata na ndimu na pilipili, bila kitu hiki, ni kuku ya kukatakata na ndimu na pilipili. Si laab. Kitu chenyewe ni khao khua, bunga ya muchele ya kukaranga.

Twaa vijiko vitano vya supu vya muchele mubichi. Isan wanatumia ule wa kunata. Wa kawaida unafanya kazi vizuri. Usiuoshe, ao kama umeuosha uanike mpaka ukauke kabisa. Tia mu nyungu kavu, bila tone ya mafuta, juu ya mbabula yenye moto mudogo. Kisha usiende popote. Usiitikie simu. Koroga, koroga, dakika 10 mpaka 15. Kwanza muchele unakuwa mweupe kama chaki, halafu rangi ya mukate, halafu rangi ya asali. Wengi wanaacha pale. Usiache pale. Endelea mpaka ufike karibu na rangi ya kafe yenye maziwa, na harufu ijae nyumba. Watoto watakuja kuuliza unachoma mahindi gani. Ukitaka, tia na kipande cha sinda, ile citronelle ya chai, ikaukie pamoja na muchele. Wao wanatia majani ya ndimu na muzizi unaofanana na tangawizi.

Toa pa moto mara moja na umwage mu sahani, juu nyungu ya moto inaendelea kuchoma hata kama umeiweka chini. Mara ya kwanza niliiacha ndani. Ulikuwa mukaa.

Mara ya pili nilipeleka muchele wangu ku moulin, pale wanaposaga bunga ya mahindi. Nilifikiri nina akili. Ulirudi kama poda ya mutoto, na nilipoutia mu nyama ukageuka bwanga, kama uji umemwagikia kuku. Bunga ya laab inatwangwa mu kinu, kwa mukono, na inabakia na vipande vidogo-vidogo kama muchanga wa muto. Ukitafuna unasikia kre-kre. Kazi yake ni mbili: inakunywa mayi ya nyama na ndimu ili supu ishikamane na nyama, na inaleta ile harufu ya moto. Na kuko kazi ya tatu ambayo mwanamuke wa nyumba anaiona haraka: inaongeza chakula. Nyama kidogo inasikika kuwa nyingi, na hakuna mutu amedanganywa.

Twanga ya juma moja tu. Weka mu chupa ya kufunga. Ikikaa sana harufu inakimbia.

Pilipili, ile ya wote

Watu wanafikiri pilipili ilizaliwa Asia. Wengine wanasema ilizaliwa kwetu. Hapana. Pilipili ni mutoto wa Amerika, na Wareno ndio walioitembeza. Meli zao zilifika pa kinywa ya muto Kongo mu miaka ya 1480, na mu 1511 mujumbe wao alifika Ayutthaya, muji mukubwa wa Siam, ndilo jina la zamani la Thailand. Pilipili ilifuata njia zile. Mbele ya pale, watu wa Thailand walitafuta ukali mu pilipili manga. Kwa hiyo ile kapilipili kadogo kanachouzwa kwa mafungu mu soko ya Kenya hapa Lubumbashi, na ile ya sokoni kwa Bangkok, ni ndugu. Zilipanda meli za baba moja.

Kwa laab wanatumia pilipili kavu. Zikarange kidogo mu nyungu kavu, nusu dakika ao moja, mpaka zibadilike rangi, fungua mulango juu moshi wake utakohoza nyumba nzima, kisha zitwange. Pilipili kavu ya kukaranga haipigi sawa na mbichi. Mbichi inapiga mbele, pa ulimi. Kavu inakuja pole-pole, na nyuma yake kuko utamu wa moshi.

Kiasi gani? Pale ndipo wanaume wanaanza kujionyesha. Mu Isan wanatia vijiko. Mu nyumba yenye watoto, anza na kijiko kimoja cha kafe kwa kuku nzima, na weka ingine mu kisahani pembeni. Mwenye nguvu ajiongezee. Mutu anayesumbuliwa na vidonda vya tumbo asidanganywe na vicheko vya wenzake. Na kama moto umekupata, acha glasi ya mayi. Kitu kinachowasha, kapsaisini, hakiyeyuki mu mayi. Ukikunywa, unakitembeza tu mu kinywa yote. Maziwa yanakizima vizuri zaidi. Kama hakuna maziwa, bukari. Kisha kutwanga, osha mikono na sabuni mara mbili mbele ya kugusa macho, ao mbele ya kumubeba mutoto. Hii ninaijua kwa machozi yangu na ya mutoto wangu wa mwisho.

Ndimu haiivishi nyama

Ninaomba usome pa hapa pole-pole.

Kuko laab inayoliwa mbichi. Wanafanya hivi na ngombe, na ngulube pia. Na mu Isan kuko chakula ingine ndugu yake, koi pla, samaki ya mayi baridi iliyokatwakatwa mbichi na kutiwa ndimu. Wale samaki wanaweza kubeba kidudu kidogo sana kinachoitwa Opisthorchis viverrini. Ukikimeza kinaingia mu mifereji ya nyongo, ndani ya maini, na kinakaa pale miaka na miaka bila wewe kusikia kitu. Kisha inaweza kuja kansa. Mu mwaka 1994, wachunguzi wa kansa wa OMS walikiandika kile kidudu kati ya vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa mutu. Isan ni kati ya pahali pa dunia pale kansa ile ya mifereji ya nyongo inakamata watu wengi kupita kiasi. Waganga wa Khon Kaen wanapigana nayo kwa miaka: wanapima watu mu vijiji, wanafundisha watoto ku masomo waambie wababa zao wapike samaki. Na wababa wanajibu: lakini tunatia ndimu.

Ndimu inageuza rangi ya nyama. Inakuwa nyeupe, ngumu kidogo, na jicho linasema imeiva. Haijaiva. Wadudu wako ndani wazima.

Kuku haibebi kidudu kile cha samaki, lakini inabeba vingine, kama salmonella, ambavyo vinaweza kulaza mutoto siku tatu ku hopitali. Ndiyo maana mu Thailand kwenyewe laab ya kuku inapikwa. Iive kabisa, isibakie pahali pa rangi ya damu, halafu ndimu iingie kisha nyama kutoka pa moto. Ukitia ndimu mapema unapoteza mara mbili: moto unaharibu utamu wake, na rangi nyeupe inakudanganya.

Mbao uliyokatia nyama mbichi, na kisu yake, zioshe na sabuni mbele ya kukata majani juu yake. Majani yenyewe tunayakula mabichi, basi yaoshwe mu mayi iliyochemshwa ao iliyotiwa dawa. Wakati wa kipindupindu, mimi nayaacha kabisa majani mabichi na natia makopa ya shu iliyochemshwa kidogo. Haiko sawa. Lakini sote tunaamka kesho.

Mu nyungu

Kuku moja ya kilo moja na nusu, ukitoa mifupa, inakuachia nyama karibu gramu 750. Ya ku mugini ina utamu zaidi, lakini ni ngumu. Ikatekate ndogo zaidi. Kama ni ya barafu, iache iyeyuke kabisa, na umwage mayi yake. Mifupa usitupe. Ichemshe na sinda, chumvi na kitunguu: ile ndiyo supu ya pembeni, na Isan pia wanapenda kuwa na kitu cha kunywa karibu na laab.

Nyama wanaikata kwa kisu nzito, wengine visu viwili, mukono huu na mukono huu, tak-tak-tak juu ya mbao. Mashini ya kusaga inafanya haraka, lakini inatoa kitu kama dawa ya meno. Kwa kisu nyama inabakia na vipande, na kinywa inajua kwamba ni nyama. Maini na kifinda vichemshe pembeni pamoja na ngozi, kisha uvikate vyembamba.

Kitu kigumu kupata ni nam pla, mayi ya samaki: dagaa za baharini na chumvi, vinakaa pamoja mu pipa mwaka moja na zaidi mpaka inatoka mayi ya rangi ya chai. Yaya alileta chupa. Ilipoisha nilipata ingine mu magasin moja ya vitu vya Asia, na bei yake ilinifanya nicheke. Sasa nafanya hivi: mikono miwili ya kapenta kavu, naikaranga bila mafuta mpaka inanukia, naichemsha mu glasi moja na nusu ya mayi na kijiko kimoja na nusu cha supu cha chumvi, mpaka inabakia nusu glasi. Nachuja. Si nam pla. Yaya alionja, akakunja uso, akafikiri, akasema: "Hii ni ya Tanganyika." Lakini aliitumia. Kama kapenta yako imetiwa chumvi nyingi tayari, punguza.

Basi: mu nyungu pana tia nusu glasi ya supu ya mifupa, iache ichemuke, tia nyama. Hakuna mafuta. Hakuna tomate. Najua, mukono unaitafuta tomate, ufunge. Koroga na kuvunja mabonge dakika tano mpaka saba, mpaka yote iive na ibakie na mayi kidogo chini. Toa pa moto. Tia maini na ngozi. Ngoja dakika mbili.

Sasa tia vijiko vitatu vya supu vya nam pla, ao vya mayi ya kapenta, na ndimu nne ao tano zilizokamuliwa, na pilipili, na vijiko vitatu vya bunga ya muchele. Koroga, onja. Ni pale kazi iko, na hakuna kitabu kitakufanyia. Kwanza usikie ndimu, kisha chumvi. Kama ulimi umelala, ongeza ndimu. Kama inakuchoma tu bila utamu, inakosa chumvi. Sukari hapana, wale wa Bangkok wanatia, wa Isan wanawaangalia vibaya. Mwisho kabisa, vitunguu vidogo vyekundu sita vilivyokatwa vyembamba, mukono moja wa vitunguu vya majani, na mikono miwili ya nanaa, ile menthe. Kama unayo lumba-lumba, tia majani matatu, si zaidi, inapenda kutawala. Nyunyiza tena kijiko kimoja cha bunga ya muchele juu.

Weka katikati ya meza, na shu mubichi, kokombre na maharage ya majani pembeni. Inaliwa ikiwa vuguvugu. Isingoje.

Gamelle ya usiku

Bwana yangu anafanya poste ya usiku. Alipokula laab mara ya kwanza hakusema kitu, alikula mpaka jasho ikamutoka pa paji, akafuta, akaendelea. Halafu: "Kesho unitilie hii mu gamelle."

Nilikataa, na tuligombana kidogo. Nyama iliyokatwakatwa, yenye mayi, inayokaa mu gamelle vuguvugu kutoka saa kumi na mbili ya mangaribi mpaka saa sita ya usiku, mu joto la kule chini, ni nyumba ya vidudu. Waganga wanasema chakula iliyopikwa isikae zaidi ya saa mbili inje ya frigo. Tena majani yanakuwa meusi na bunga ya muchele inakuwa matope. Ku kazi anabeba bukari na mandoro ya kukaranga, ao maharage mu thermos ya moto kweli-kweli. Laab inamungoja siku ya repo, na siku ile kuku haijakatwa mpaka yeye ameoga na kukaa. Tena nimemupa kazi: yeye ndiye anakata nyama. Mutu anayepiga mwamba usiku muzima hawezi kuniambia kwamba kisu ni nzito. Majirani wanasikia tak-tak-tak na wanajua kuko nini kwetu.

Siku ya kwanza tuliyokula wote wanane, nilihesabu. Hakuna mutu aliyeangalia sahani ya mwenzake, juu sahani ilikuwa moja. Mama-mukwe alikula polepole, bila kuuliza kifua iko wapi, sababu nyama yote ilikuwa ya meno yake. Ilibakia kidogo chini, na watoto waliipangusa na bukari mpaka sahani ikangaa.

Chupa ya bunga ya muchele inakaa sasa pembeni ya chumvi. Juma lililopita mutoto wa jirani alikuja na kikombe. "Mama anasema umukopeshe kidogo ile muchele yenu ya kuungua," aliniambia, "na anauliza: ni mwaka gani mutaacha kuunguza?"